Nilivyoianika ramani ya babu kama dagaa

Masika ya mwaka juzi yalitoboa paa la nyumba yetu ya Kiponda, juu hasa ya chumba alichokuwa akilala marehemu babu. Tulipopanda asubuhi maji yalikuwa yametanda sakafuni, na sanduku la njumu ambalo bibi hakutaka liguswe miaka yote hiyo lilikuwa limelowa upande mmoja. Bibi mwenyewe ndiye aliyesema, "Haya, lifungueni kabla halijaoza." Ndani mlikuwa na kanzu mbili, kofia ya viua, stakabadhi za zamani zilizogandana, na chini kabisa kitu kilichokunjwa kwa ukubwa wa juzuu, kwa nje kitambaa cha rangi ya chai.

Ilikuwa ramani. Tulipoitandaza ilifika kama sentimita 70 kwa 50, karatasi iliyokatwa vipande kumi na sita na kubandikwa juu ya kitani, kati ya kipande na kipande pameachwa upenyo mdogo ili ikunjike bila kuvunjika. Wino wa rangi tatu: mweusi, kahawia na buluu. Majina sikujua hata kuyatamka: Finsteraarhorn, Mönch, Eiger, Jungfrau, kumbe ni vilele vya milima ya Alps huko Uswisi. Nimefundisha jiografia sekondari miaka tisa, na bado kwa muda nilidhani natazama matumbawe, maana majabali yenyewe yamechorwa kwa vistari vyeusi vilivyokatikakatika, mfano wa mwamba wa Jambiani maji yakikupwa.

Bibi akatueleza kwamba kabla ya Mapinduzi babu alikuwa mpishi wa daktari mmoja wa Kizungu huko Migombani. Daktari alipoondoka alimwachia vitu ambavyo hakutaka kuvibeba. Hiyo karatasi babu aliipenda tu. "Akiitandaza kitandani, anaitazama wee, kisha anaikunja anairudisha. Kizungu chenyewe hajui kukisoma."

Mdogo wangu akapiga picha tatu nne kwa simu, mbele na nyuma, akazitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo pamoja na mzaha kuhusu hazina ya babu. Sikumjali. Nazitaja sasa kwa sababu katika yote yaliyofanyika wiki ile, picha hizo ndizo peke yake zilizofaa, na aliyezipiga ni kijana wa miaka kumi na saba aliyekuwa akitafuta vicheko. Mimi niliyesoma ndiye niliyeharibu.

Nianze na jua. Karatasi ilikuwa na unyevu, na sisi hapa kitu chenye unyevu tunakijua dawa yake. Siku mvua ilipopoa nikapanda nayo juu ya paa, nikaitandaza saa nne asubuhi, pembe nne nimezikandamiza kwa mawe. Niliporudi baada ya adhuhuri vipande vitano vilikuwa vimejikunja kama majani ya mkungu yaliyoanguka. Sababu yake niliijua baadaye sana: kitani kikinyonya maji halafu kikakaushwa kwa pupa hunywea, na karatasi iliyobandikwa juu yake hainywei kwa mwendo ule ule, basi gundi ya zamani inaachia. Kipande kimoja kilichukuliwa na upepo, nikakikuta chini uchochoroni mbele ya duka la jirani, kimekanyagwa.

Karatasi iliyolowa haitaki jua. Ilaze mahali tambarare, kivulini, penye upepo mwepesi, juu ya taulo safi au karatasi nyeupe isiyo na maandishi, ubadilishe hiyo ya chini kila inapolowa. Gazeti usitumie, wino wake unahama. Itachukua siku mbili, tatu. Kaa na moyo wako.

Baada ya jua nikaja na selotepu. Nilinunua mbili Darajani, nikabandika vipande vyote vilivyolegea, kwa mbele, juu ya michoro, nikaona nimefanya kazi safi. Kwa joto letu haikumaliza mwaka: utepe ukageuka manjano, gundi ikatoka pembeni ikanata kila kilichopita, na leo ukijaribu kuung'oa unaondoka na mlima.

Kisha karafuu. Shangazi yangu wa Wete aliposikia habari ya wale vidudu wembamba wa rangi ya fedha wanaotambaa kwenye vitabu, alinipelekea karafuu kibaba kizima, nizitie ndani ya mikunjo. Nguo za bibi zimehifadhiwa hivyo miaka na miaka, na hazijaliwa. Tatizo ni kwamba karafuu ina mafuta, na karatasi hunywa mafuta. Baada ya miezi mitatu bonde la Lauterbrunnen lilikuwa na madoa ya kahawia yenye umbo la karafuu, kichwa na kijiti. Harufu nzuri, siwezi kukataa. Shangazi sijamwambia mpaka leo.

Na la nne, ambalo ningelipa pesa kulifuta. Upande wa nyuma, juu ya kitani, palikuwa na alama za wino uliopauka, mistari iliyopindapinda karibu na ukingo. Niliona uchafu. Nikachukua kitambaa, maji na sabuni kidogo, nikafuta. Ilitoka kirahisi nikajipongeza. Nitalirudia hili.

Muhula ulipoanza niliichukua skuli. Somo lilikuwa mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, na kwa kawaida ni somo gumu kulifundisha hapa, kwa sababu mtoto wa Unguja mlima hajauona. Sehemu yetu ya juu kabisa, upande wa Masingini, haifiki mita 150. Kwenye ramani ile kila mstari wa kahawia ni mita 30 za kupanda, kwa hiyo kisiwa chetu chote kisingezidi mistari minne. Ukuta wa kaskazini wa Eiger peke yake una urefu wa mita 1,800 hivi, ambayo ni mistari sitini iliyobanwa mahali pamoja. Haiwezekani kuichora yote, ndiyo maana wachoraji wakaiacha na kuchora jabali lenyewe, ufa kwa ufa. Darasa lilinyamaza kimya. Sijawahi kupata kimya kile kwa ramani ya kitabuni.

Lakini mwanafunzi mmoja wa nyuma akauliza: "Mwalimu, na hii mistari ya buluu?" Nikajibu bila kupepesa kwamba ni maji, ziwa au mto mpana. Akasema, "Ziwa lenye kontua?" Nikamwambia tutaendelea kipindi kijacho.

Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Mistari ya kimo ikiwa ya buluu ina maana ardhi pale imefunikwa na barafu ya kudumu. Niliyoiita ziwa ilikuwa Aletsch, barafuto ndefu kuliko zote za Alps, mto wa barafu wa zaidi ya kilomita 20 unaoteremka polepole mno usiweze kuuona ukienda. Kipindi kilichofuata nilisimama mbele ya watoto arubaini nikasema nilikosea. Kwa mwalimu wa Kizanzibari ni dawa chungu, ila inamezeka.

Wakati huo huo ndugu walikuwa wamekwisha nitia hamu. Kwenye lile kundi mtu aliweka tangazo la ramani ya kale iliyouzwa kwa maelfu ya dola, na kila mmoja akaanza kugawa urithi usiokuwepo. Binamu yangu wa Muscat alishapanga bati jipya la nyumba nzima. Nikaanza kutafuta thamani yake, na hapo nilijifunza mengi kwa mpangilio mbaya, maana nilitafuta bei kabla ya kujua nina nini.

Kwa aliye na karatasi kama yangu, nieleze kwa ufupi. Uswisi ilianza kupimwa na kuchorwa kwa utaratibu mmoja chini ya jenerali Guillaume-Henri Dufour. Ramani yake ya kipimo cha 1:100,000, karatasi 25, ilitoka kati ya 1845 na 1865. Hiyo haina kontua: miteremko imetiwa vistari vya kivuli, kama kwamba mwanga unatoka kaskazini-magharibi, na inapendeza kuitazama hata kama huelewi kitu. Kazi yake ilipendwa kiasi kwamba mwaka 1863 kilele kirefu kuliko vyote nchini humo kikapewa jina lake, Dufourspitze, mita 4,634. Baada yake Hermann Siegfried akaongoza atlasi ya pili, kuanzia 1870: nyanda kwa 1:25,000, milima kwa 1:50,000, kontua za kahawia, barafu na maji buluu, majabali na maandishi meusi. Yangu, kwa dalili zote, ilikuwa ya ukoo huo wa Siegfried, karatasi kadhaa za Alps za Bern zilizounganishwa pamoja.

Mwaka wake nao ulinisumbua. Pembeni paliandikwa mwaka mmoja, chini pake neno "Nachträge" na mwaka mwingine. Nilimwandikia mtu wa kwanza nikimtajia ule wa zamani zaidi, kwa sababu uzee unaleta pesa. Mgeni mmoja wa Kijerumani aliyefikia nyumba ya jirani akanieleza kwamba neno hilo ni masahihisho yaliyoongezwa baadaye, kwa hiyo mwaka wa pili ndio ulio karibu na ukweli wa uchapaji. Akanifundisha na njia nyingine ninayoipenda zaidi: tafuta reli. Kwenye ramani yangu reli ya Wengernalp ipo, ile inayopanda hadi Kleine Scheidegg, na hiyo ilifunguliwa 1893. Lakini kutoka pale kwenda Eiger hakuna kitu. Reli ya Jungfrau ilianza kujengwa 1896, kituo chake cha kwanza kikafunguliwa 1898, na ilifika juu Jungfraujoch, mita 3,454, mwaka 1912. Basi ramani inaongea habari za miaka mitano ile ya katikati. Kile kistari kisichokuwepo kilinipa usingizi mzuri kuliko mwaka wowote ulioandikwa.

Nusura niitupe kwa kudhani ni bandia. Kimo cha Jungfrau kwenye ramani ni kikubwa kuliko mita 4,158 ninazozikuta kila mahali leo, na vilele vingine kadhaa navyo ni hivyo hivyo, vimezidi. Kumbe Waswisi hawana bahari. Vimo vyao vyote huanzia kwenye jiwe moja ndani ya ziwa pale Geneva, Pierre du Niton. Zamani jiwe lilihesabiwa kuwa mita 376.86 juu ya bahari. Mwaka 1902 wakapima upya wakaona ni 373.6. Nchi nzima ikashuka zaidi ya mita tatu bila mtu kuhisi. Upimaji wenyewe nao uliendelea kuboreka. Kwa hiyo vimo "vibaya" kwenye karatasi kuukuu ni dalili nzuri.

Haya yote ningeyajua kwa saa moja kama ningeanza pa kuanzia. Idara ya ramani ya Uswisi, swisstopo, imeweka ramani zake za zamani mtandaoni, bure, unaburuta mwaka unaona mahali pale pale palivyokuwa. Niliburuta Aletsch toka 1870 hadi leo. Ncha yake imerudi nyuma kama kilomita tatu. Nimelia kwa barafu ambayo sijawahi kuigusa, mimi ambaye barafu yangu ni ya kwenye ndoo ya samaki Malindi.

Hapo katikati pia nilipata wazo la kutoa nakala. Duka moja la mjini lina mashine kubwa ya skani, ile inayovuta karatasi kwa magurudumu. Kijana akaniuliza, "Inapita hii?" Nikasema inapita. Haikupita. Utepe wangu wa selotepu ulinata kwenye gurudumu, kipande chenye kijiji cha Grindelwald kikachanika katikati, na mimi nikatozwa shilingi elfu kumi na tano za usafi wa mashine, kwa haki kabisa. Kitu kilichobandikwa au kinachomeguka kisiingie mashine ya kuvuta. Kilaze chini kwenye mwanga wa dirisha usio wa jua kali, simu ishikwe sawa juu yake, upige kipande kimoja kimoja. Inatosha. Pale pale dukani walijitolea kunitilia plastiki ya moto, "isiharibike tena mwalimu." Ile namshukuru Mungu nilikataa, si kwa busara, sikuwa na pesa zaidi. Plastiki ikishaingia kwa moto haitoki.

Majibu ya bei yakaja. Muuzaji mmoja wa Uswisi alikuwa muungwana. Alisema ramani hizi zilichapwa kwa wingi na bado zipo nyingi, nzima nzima, hata kwenye masanduku ya masoko ya vitu vikuukuu. Kwa hali ya yangu angetoa faranga 40. Bila selotepu na madoa, labda 90. Kuituma kwa njia ya kuaminika kungekula yote. Nilipeleka habari kwenye kundi la ukoo, na kwa mara ya kwanza kundi lile likakaa siku mbili bila mtu kuandika.

Basi nikaamua iwe pambo. Fundi akanifanyia fremu ya mti wa mkungu kwa shilingi 120,000, kioo kimegusa karatasi moja kwa moja, nikaitundika ukumbini kwenye ukuta wa nje. Wenye nyumba za Mji Mkongwe mnacheka tayari. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji kutoka chini, na usiku hutema unyevu. Vuli ilipoingia kioo kilitoa jasho kwa ndani, koga ikaota kwenye upande wote wa Finsteraarhorn, vidoa vya kijivu kama manyoya. Kama lazima utundike, iwe ukuta wa ndani, kati ya kioo na karatasi pawe na nafasi, na nyuma ya fremu ubandike vipande vya kizibo ili hewa ipite. Jua la dirishani lisiifikie. Lakini kwa nyumba zetu mimi nasema tundika nakala.

Aliyeniokoa ni maalim mmoja wa Kikwajuni aliyekuwa akifunga vitabu na misahafu enzi zake. Nilimpelekea nikiwa na aibu. Aliitazama mbele, akaigeuza, akaitazama nyuma muda mrefu zaidi.

"Nani kakwambia uanike karatasi kama dagaa?"

"Nilifikiri itakauka, maalim."

"Ilikauka. Hata dagaa hukauka."

Hakuchukua pesa, alichukua halua kilo mbili. Alianza kwa kuiacha wiki nzima mahali pakavu bila kuigusa, mpaka koga ikalala, kisha akaipangusa kwa brashi laini nje ya nyumba, pua imefungwa kitambaa, maana vumbi lile si la kuvuta kifuani. Gundi aliitengeneza mwenyewe. Unga wa ngano ulikandwa, donge likaoshwa ndani ya maji mpaka ule unato ukabaki mkononi na wanga ukazama chini, kisha wanga ule ukapikwa polepole hadi ukawa uji mwepesi. Gundi ya aina hii ukiilowesha inaachia, kwa hiyo atakayekuja baada yako anaweza kurekebisha makosa yako. Selotepu tatu alizitoa. Mbili kubwa alizikataa: "Hizi waachie warithi." Mpasuko wa Grindelwald aliuziba kwa nyuma kwa karatasi nyembamba ya Kijapani niliyoagiziwa na yule binamu wa Muscat, shilingi 70,000 pamoja na usafirishaji. Karatasi isiyo na asidi ya kuiwekea sikuipata Unguja, nayo ilitoka huko huko.

Jumla nimetumia kama shilingi laki tatu na nusu kwa kitu cha faranga 40.

Siku aliponirudishia aliniuliza: "Na yale maandishi ya nyuma, umeyanakili?" Nikamuuliza maandishi gani. Akanionyesha, karibu na ukingo wa kitani, kivuli cha herufi za Kiarabu, mkia wa herufi hapa na nukta pale, kilichobaki baada ya sabuni yangu. Kiswahili, akasema, kwa hati ya mtu aliyesoma chuoni. Yeye alipata neno moja tu, "samli".

Nilirudi nyumbani mbio nikamtafuta mdogo wangu. Picha za siku ile ya kwanza alishazifuta kwenye simu, lakini kwenye kundi la ukoo bado zilikuwepo, chini kabisa, chini ya miaka miwili ya salamu za Ijumaa. Nikaikuza ile ya upande wa nyuma nikampa bibi. Bibi anaisoma hati hiyo kuliko anavyosoma ya Kizungu. Alivaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaanza pole pole.

"Mchele pishi moja. Samli ratili nusu. Nazi tano. Bizari nyembamba." Akanyamaza kidogo. "Huyu ni babu yako. Ndivyo alivyokuwa akiandika nuni yake, kama imekasirika."

Chini ya bizari kuna mstari mmoja zaidi, mrefu kuliko mingine yote, na hauonekani kama wa sokoni. Sehemu yake ya kwanza inasomeka: "Huku juu wanasema". Iliyobaki imefunikwa na kidole gumba cha mdogo wangu, aliyekuwa ameishika karatasi ili upepo usiikunje.